Mapipa Mawili ya Rubha Dubh

Port Rubha, kisiwa cha Islay
11 Oktoba 1982

Kaka Dugald,

Sisi hatujambo, ukiacha baridi iliyowahi kuja mwaka huu. Baba anakula vizuri. Mguu wake wa kushoto bado anauburuta tangu kile kiharusi, lakini kila asubuhi anakwenda nao hivyo hivyo hadi ghala la ufukweni alilolitunza kabla ya kustaafu, anakaa kati ya mapipa na kuyasemesha. Ruaridh fundi mapipa humpelekea chai na kujifanya hasikii. Paa la jikoni linavuja palepale ulipoahidi kupaziba. Heringi wamekuwa wengi, nimetia chumvi ndoo mbili. Msalimie wifi Isobel, na umwambie Catriona shangazi yake anamfumia soksi.

Sasa niseme la moyoni, maana nimekunja ngumi tangu Jumatano.

Unajua kazi yangu ofisini ni kufungua barua na kupiga taipu. Jumatano ilikuja bahasha kutoka kwenu Stirling, na ndani yake ripoti. Inasema kwamba wiski yetu ya Rubha Dubh iliyokomaa huku ufukweni na ile iliyokomaa bara hazina tofauti inayotambulika, kwa pua wala kwa ulimi. Chini yake kuna sahihi ya mkemia mkuu. Sahihi hiyo naijua tangu ulipokuwa ukijizoeza kuichora kwenye madaftari yangu ya shule. Na chini ya sahihi, Bwana Pettigrew mkurugenzi ameandika kwa kalamu yake kwamba, kwa kuwa hakuna tofauti, ghala la ufukweni lifungwe na mapipa yaanze kuhamishiwa bara mwezi Machi.

Umepima nini, Dugald? Usiniambie ni yale mapipa mawili.

Nakumbuka ulivyorudi kutoka chuo kikuu mwaka wa sabini na moja na kumwambia Baba mezani, mbele ya marehemu Mama, kwamba bahari haiingii kwenye pipa, kwamba ladha yote ni mti wa mwaloni na moshi wa mboji, ule udongo mweusi tunaoukata na kuuchoma kukaushia shayiri. Baba akaacha kula. Mkajaza mapipa mawili siku moja, kutoka mkeneko mmoja, mbao za mwaloni mmoja. Moja likabaki hapa, lake. La pili likaandikiwa kwenda bara, lako. Mkakubaliana yakifika umri mtayafungua pamoja, na atakayeshindwa akiri mbele ya familia. Yalikuwa mambo ya nyumbani yale. Hayakuwa ya kumpelekea Pettigrew.

Nijibu upesi. Baba bado hajui.

Dada yako,
Marsaili

*

Stirling
9 Novemba 1982

Mdogo wangu Marsaili,

Nisamehe kwa kuchelewa, kazi zimetubana. Isobel hajambo. Catriona alikuwa na kikohozi, sasa amepona na anasubiri soksi. Huku mvua haikatiki. Namtumia Baba blanketi la sufu kwa ajili ya miguu, na dawa ya maungo ambayo rafiki yangu anaisifu.

Kuhusu ripoti, naomba usome kilichoandikwa na usisome usichokipenda. Niliulizwa swali, nikalijibu. Ndiyo, tulitumia yale mapipa mawili, kwa sababu kampuni nzima haina mengine yaliyojazwa siku moja kwenye mbao za aina moja. Watu watano wamenusa bila kuambiwa lipi ni lipi. Wote wameshindwa kuyatofautisha, na mimi nikiwamo. Chumvi haipiti kwenye ubao wa mwaloni, Marsaili. Kile watu wanachokiita bahari kwenye glasi ya Rubha Dubh ni moshi, na mboji yenu iliyojaa mwani uliooza tangu zama za Nuhu. Hayo yote yameshaingia kabla pipa halijafungwa kizibo.

Mimi sikuandika kwamba ghala lifungwe. Hilo ni neno la Bwana Pettigrew. Paa la ghala lile linakula fedha, na kila pipa linalovushwa kwa feri ni gharama. Hata bila ripoti yangu wangelifunga.

Usimsomee Baba barua hii. Mwambie tu blanketi linakuja.

Kaka yako,
Dugald

*

Port Rubha
22 Novemba 1982

Kaka,

Blanketi limefika, ni zuri, na Baba amelitandika juu ya mbwa. Dawa ameinusa akasema hata kondoo wa kuoshwa kupe hawezi kupakwa uchafu huo. Nyumba iko salama. Upepo wa wiki iliyopita uling'oa mlango wa banda la kuku, kuku wako hai.

Barua yako nilimsomea mpaka kwenye mvua ya Stirling, nikaikunja. Akaniuliza, "We Marsaili, huyu kaka yako hajataja mapipa? Si muda wake umekaribia?" Nikasema hajataja. Umenifanya nimdanganye mzee mwenye mguu mmoja unaosikia, na hilo sitalisahau.

Unaniambia nisome kilichoandikwa. Nimekisoma mpaka nakijua kwa moyo. Ninyi huko mnalaza mapipa kwenye vyuma, ghorofa juu ya ghorofa, ndani ya bati, malori yananguruma nje. Hapa yamelala juu ya udongo. Upepo wa magharibi ukivuma, maji yanapita chini ya mlango na kuyalowesha ya mstari wa mbele. Kuta zina kuvu nyeusi inayoishi kwa ule mvuke unaotoka kwenye mbao mwaka baada ya mwaka, ambao wazee wanauita fungu la malaika. Kama mvuke unajua njia ya kutoka, Dugald, nani amekuambia hewa haijui njia ya kuingia? Onja ya mstari wa mbele. Ulimi unakauka pembeni kama umelamba kamba ya gati. Kuna dawa ya kidonda, kuna ganda la chaza, halafu ndipo moshi unakuja nyuma taratibu. Wewe ulinyonyeshwa na harufu hiyo, na leo unanitajia watu watano.

Pettigrew alikuja na vijana wenye futi za kupimia. Ruaridh ameambiwa atafute kazi kufikia Pasaka. Ana miaka hamsini na nane, na kazi anayoijua ni kukaza pete za mapipa. Na lebo, unajua? Nilimwuliza Pettigrew kama watabadilisha ile picha ya mawimbi. Akacheka akasema mawimbi yanauza.

Nakuambia jambo moja na usiniulize zaidi. Ripoti yako ni ya uongo. Huenda wewe hukukusudia uongo, lakini ni uongo. Sababu naijua na siwezi kuiandika, kwa sababu nimeapishwa. Nakuomba kama ndugu, iondoe.

Marsaili

*

Stirling
14 Desemba 1982

Mdogo wangu,

Salamu za Krismasi kwenu nyote. Kifurushi kinakuja kwa posta: keki ya Isobel, tumbaku ya Baba, na skafu yako. Catriona amevaa soksi mpaka zimetoboka kisigino, kwa hiyo ujue zimependwa.

Mwaka mpya hatutaweza kuja. Barabara zina theluji na mimi nina zamu. Mwambie Baba nimesikitika.

Kuhusu ulichoandika, sitaondoa ripoti kwa sababu usiyoweza kuitaja. Na nakushauri usiitaje, kwangu wala kwa mtu mwingine. Kuna mambo yakiguswa yanaumiza watu ambao hawawezi tena kujitetea. Mwache Bwana Lamont apumzike kaburini kwake. Mwache na Baba ale pensheni yake kwa amani.

Mtunze.

Dugald

*

Port Rubha
4 Januari 1983

Dugald,

Heri ya mwaka mpya. Tulikuwa salama. Keki ililiwa na watu waliokuja, na walikuja wengi, kila mmoja na chupa yake na kipande chake cha makaa ya kutuombea moto usizimike. Baba alikuwa amegeuza kiti chako kitazame mlango, kwa sababu wewe una nywele nyeusi na kila mwaka ulipokuwa hapa ndiwe uliyevuka kizingiti wa kwanza, uwe bahati yetu. Nilimwambia hutakuja. Akasema, "Feri huwa inachelewa." Aliyevuka wa kwanza alikuwa mwalimu mwenye upara.

Sasa nisikilize. Mimi sikumtaja Bwana Lamont.

Nimeipitia barua yangu ya Novemba neno kwa neno kichwani. Nilisema nimeapishwa. Sikusema na nani wala juu ya nini. Afisa wa ushuru aliyekufa miaka sita iliyopita amekujia vipi kwenye kalamu, kama hujui kila kitu?

Basi nitaandika, maana kiapo kimeshavunjwa na wewe. Mwaka ule wa sabini na moja, siku pipa lako lilipopaswa kusafiri, Bwana Lamont aligonga mihuri asubuhi kwamba limetoka. Mchana bahari ikachafuka, meli ikapakia nusu na kukimbia. Pipa likabaki gatini. Kuanza karatasi upya ni kazi ya wiki nzima, na Lamont na Baba walikuwa na siku yao ya kuvua samaki. Wakalirudisha ghalani, nyuma ya mengine, lisubiri meli ijayo. Meli ijayo ikaja. Baba akalipigapiga tumboni na kusema, "Huyu akalale na malori? Hapana. Ngoja kidogo." Ngoja kidogo hiyo imekwenda miaka kumi. Lamont akafa, Baba akastaafu, na kila wino unasema pipa liko Stirling. Wewe ulipoandika mwaka juzi kwamba muda wa kulifungua unakaribia ndipo Baba aliposhikwa na hofu. Tukalipakia mimi na yeye na Ruaridh, katikati ya mapipa mengine. Baba akaniapisha hapo hapo gatini.

Kwa hiyo mapipa yote mawili yamelala kwenye upepo mmoja. Watu wako watano hawakuona tofauti kwa sababu hapakuwa na tofauti ya kuona.

Mimi miezi yote hii nilidhani hujui. Nilikuwa nakuonea huruma, fikiria. Jana nikajiuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza zamani: mwaka ule, kule bara, nani alitia sahihi kwamba amepokea pipa ambalo halikufika? Nani alikuwa kijana mpya kwenye ghala lile?

Ulijua. Ulikaa mezani na watu wako watano, ukawanusisha bahari na bahari, ukaandika kwamba bahari haipo. Kwa wino huo Ruaridh anakosa kazi, kijiji kinakosa ghala, na Baba anakosa mahali pa kukaa asubuhi.

Mapipa yanaanza kuondoka Machi. Sema wewe, au nitasema mimi.

Marsaili

*

Stirling
20 Januari 1983

Marsaili,

Sina salamu za kupamba. Tuko hai.

Ndiyo, nilitia sahihi. Baba alinipigia simu akasema, "Kijana, tia jina, linakuja na meli ijayo." Wewe umewahi kumwuliza Baba maswali? Nilikuwa na miezi miwili kazini. Nikatia jina. Kila meli iliyokuja nilisafiri hadi gatini kulitafuta, mpaka nikaacha kwenda. Lilipokuja mwaka juzi, mbao zilikuwa nyeusi kwa kuvu na pete zimelika kwa kutu ambayo haipatikani popote huku bara. Nilijifungia nalo nikalisugua kwa brashi, mikono yangu mwenyewe, mtu asije akauliza.

Unasema niseme. Niseme nini? Wiski ile haijalipiwa ushuru, na kila pipa lazima liwe pale karatasi zinaposema liko. Nikisema ukweli, mtunza ghala wa Rubha Dubh alidanganya serikali miaka kumi. Watamvuta mahakamani akiburuta mguu wake. Watamnyang'anya pensheni na nyumba, kwa sababu nyumba ni ya kampuni. Umelifikiria hilo ulipokuwa unanipangia Machi? Na wewe ulilisukuma pipa hilo hadi melini, kisha ukarudi kukaa ofisini na kupiga taipu. Ulinyamaza kama mimi nilivyonyamaza, ila wewe umenyamaza huku ukinitukana.

Utasema ningekataa kufanya ripoti. Ningeweza. Pettigrew alipotaja mapipa mawili ningesema yameharibika, yamevuja, lolote. Sikusema. Unataka kujua kwa nini, nami nina hasira ya kutosha kukuambia. Maisha yangu yote kila nililosoma Baba amelipokea kwa kicheko cha puani. Nilipoleta shahada alisema, "Karatasi nzuri, itafaa kuwashia moto." Nilitaka mara moja tu nimshinde. Na nikaona amejifunga kamba mwenyewe, amelaza mapipa yote mawili mahali pamoja, na tofauti haiwezi kuonekana kamwe. Nilijua ushindi huo ni bandia. Bado niliufurahia, jioni nzima.

Mapipa mengine ya Rubha Dubh, yaliyoletwa huku tangu mwanzo na kukomaa huku kweli, nimeyanusa pia. Nilichonusa sikuambii.

Dugald

*

Port Rubha
2 Machi 1983

Dugald,

Baba ni mzima wa mwili. Paa la jikoni sasa linavuja sehemu mbili.

Mapipa ya kwanza yameondoka Jumanne. Ruaridh aliyasukuma hadi kwenye lori bila kuinua macho. Baba alisimama mlangoni, na kila lililopita alilipiga kofi dogo, akilitaja mwaka wake. Lilipopita la mwisho akanigeukia. "Hawa wanakwenda wapi wote hawa, Marsaili? Na usinidanganye tena, maana huwa unakodoa macho ukidanganya."

Nikamwambia. Nikachukua na barua yako ya Januari nikamsomea yote, na kicheko cha puani nikamsomea, na shahada ya kuwashia moto. Nilitaka aumie. Nilikuwa nimewachoka nyote wawili, wanaume wawili mmekaa pande mbili za bahari mnashindana kwa pipa, na nyumba inaungua.

Kesho yake akavaa koti lake la kanisani, akachana nywele, akasema anakwenda Bowmore kwa maafisa wa ushuru kujitaja. Nikamzuia mlangoni. Akasema, "Nipishe, binti. Watu wanafukuzwa kazi kwa ajili ya uchoyo wangu." Theluji ilikuwa imeziba barabara, gari la posta halikwenda, akarudi kukaa na koti lake mwilini. Nimemficha viatu. Anazunguka nyumba nzima na soksi akivitafuta, na akivipata atakwenda.

Barua hii inakuja kwa meli; nakupa mpaka barabara ya Bowmore ifunguke.

Marsaili

*

Stirling
15 Machi 1983

Mdogo wangu Marsaili,

Mrudishie Baba viatu vyake. Umwambie hana pa kwenda.

Nimewaambia wakurugenzi kwamba ripoti haifai. Nimesema nilikosea maabarani, kwamba chupa zote za majaribio nilizijaza kutoka pipa moja bila kujua, na pipa la Baba halikuguswa kabisa. Pettigrew aliniangalia muda mrefu. Kisha akaniamini, maana hakuna kitu rahisi kuaminiwa kama ujinga wa mtu. Sasa mimi si mkemia mkuu. Nasimamia uoshaji wa chupa, na kijana niliyemfundisha mimi ndiye anayenisainia likizo. Isobel hajanisemesha tangu Alhamisi.

Mapipa ya zamani yatabaki ufukweni mpaka yakomae, kwa sababu wakurugenzi hawana tena karatasi ya kuwatetea wateja wakiuliza. Ruaridh wanamhitaji kuyatunza. Mapya yataendelea kuletwa huku. Nilichoweza kuokoa ni hicho tu, na najua utaniambia ni kidogo.

Nimempa dereva wa lori chupa mbili ndogo, atawaletea. Moja nimeitoa kwenye pipa ambalo limelala huku bara tangu siku lilipojazwa, nimefuatilia kila hatua yake. Nyingine ni ya pipa la ufukweni la umri uleule. Moja nimeifunga uzi mwekundu shingoni, nyingine wa buluu. Najua ipi ni ipi, na sijamwambia mtu. Mpe Baba anuse. Haitaandikwa popote. Ni kati yake na mimi, kama ilivyopaswa kuwa tangu mwanzo.

Kaka yako,
Dugald

*

Port Rubha
6 Aprili 1983

Kaka Dugald,

Tumepokea chupa zikiwa salama. Kondoo wa jirani wamezaa, mmoja wa wanakondoo tunamlea jikoni karibu na jiko, na Baba anamwita Pettigrew kwa sababu anakojoa kila mahali. Ruaridh amepanda paa akaziba pale ulipoahidi. Mwambie wifi Isobel naomba anisamehe kama kuna lolote katika haya limetoka kwangu, na kama hataki kusamehe nitamwelewa.

Baba nilipomweleza ulivyowaambia wakurugenzi, alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona. Alipiga meza mpaka sahani ikaanguka. "Nani alimwomba anibebee? Mimi ni maiti? Kijana mwenye shahada yake anaosha chupa, kwa ajili ya uzembe wangu na Lamont?" Alisema shahada yako kama kitu cha thamani, nikaona nikuandikie, kwa sababu yeye hatakuambia. Akavaa viatu. Nikamwambia akienda Bowmore sasa atakufanya mwongo mara mbili, na utafukuzwa hata kwenye chupa. Akakaa. Nadhani hiyo ndiyo adhabu yake, kukaa. Nami sijui kama natakiwa kumwonea huruma.

Mimi bado nina hasira na wewe. Nilitaka useme ukweli na umesema uongo mwingine, mzuri zaidi, uliokugharimu wewe peke yako, na sasa siwezi hata kukugombeza vizuri. Ulifurahia jioni nzima. Neno hilo linanichoma kila ninapopita ghalani na kuona udongo mtupu pale mapipa ya Jumanne yalipokuwa.

Chupa tulizifungua Jumapili baada ya kanisa. Niliweka glasi mbili mezani na jagi dogo la maji, nikakaa pembeni. Baba alinusa ya kwanza, akaiweka. Alinusa ya pili, akaiweka. Akazirudia mara nyingi, macho amefumba, na mara moja aliinuka akaenda kusimama mlangoni kuvuta hewa ya nje, akarudi. Nilipoona anazirudia tena zote mbili, nikaelewa kwamba anaogopa. Sikuwahi kumwona akiogopa glasi. Kisha akatia maji tone moja moja, akaonja, akashika mojawapo na kusema, "Hii." Akaanza kunisimulia yaliyomo: kamba iliyolowa, moto wa mwani, ule upepo wa mwaka aliofariki Mama, ulioingiza maji mpaka mstari wa tatu. Alilia kidogo. Akainywa yote, akalala kitini.

Mimi nilionja zote mbili baada yake. Nilichoonja sikuambii, kama wewe usivyoniambia ulichonusa.

Wala sitakuandikia aliyochagua ilikuwa na uzi gani. Nawe usithubutu kuniandikia uzi upi ulikuwa wa bara. Nyuzi zote mbili nimezitupa kwenye jiko na chupa nimezisuuza. Hilo nakuambia kwa hasira yangu yote, Dugald: ukija hapa na jibu mdomoni, utalala gatini.

Lakini uje. Mboji inakatwa Mei, na Baba hawezi tena kushika jembe lake. Kiti chako hajakigeuza tangu mwaka mpya. Kinatazama mlango, na nimechoka kukikwepa nikifagia.

Dada yako,
Marsaili